Bunduki ya marisau: Jinsi ya kuchagua choki na kuielewa sefti

UKITAJA bunduki mbele ya mkazi wa Lamu, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye msitu wa Boni, kwenye vizuizi vya barabara ya Witu na kwenye ule usiku wa Juni 2014 kule Mpeketoni. Si ajabu. Kwa miaka mingi silaha imekuwa habari ya huzuni katika kaunti hii, na mwenye kuizungumzia kwa furaha huonekana amepungukiwa na adabu.

Hata hivyo ipo bunduki nyingine isiyotajwa sana, ambayo wenyewe huimiliki kwa cheti halali. Ni bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani. Wapo wakulima bara, ng'ambo ya gati la Mokowe, waliowahi kuiweka nyumbani kwa hofu ya wanyama na ya wezi. Na wapo jamaa zetu walio Ghuba, ambako kulenga visahani vinavyorushwa angani ni mchezo wa heshima, unaotazamwa kama vile sisi tutazamavyo mashindano ya jahazi na ya punda.

Makala haya yanahusu mambo mawili katika bunduki hiyo ambayo wengi huyapuuza: choki, yaani mbano ulio kwenye mdomo wa mtutu, na sefti, yaani kifungio cha usalama. La kwanza huamua kama utakipiga kisahani au utapiga hewa. La pili, likieleweka vibaya, huweza kuamua jambo kubwa kuliko hilo.

Naanza na kisa cha nyumbani. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na shamba la minazi na mikorosho bara, na alikuwa na bunduki ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Kila jioni aliitia risasi, akafunga sefti, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akalala kwa amani. Usiku mmoja wa kusi upepo uliubamiza mlango, bunduki ikaanguka sakafuni, ikalia. Marisau yalipita juu ya kitanda na kuchimba ukuta kwa kiasi cha sahani ya wali. Mkaza mjomba alikuwa ameinuka dakika chache kabla kwenda kumbembeleza mtoto.

Mjomba aliapa kwamba sefti ilikuwa imefungwa. Watu hawakumsadiki. Mimi namsadiki, na nitaeleza sababu yake mbele kidogo.

Kwanza tuuangalie mchezo wenyewe. Kisahani ni kidude cha duara, chenye upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi, kilichotengenezwa kwa unga wa chokaa uliochanganywa na lami. Huvunjika kwa wepesi kikipigwa, lakini ni lazima kiwe kigumu kiasi cha kutopasuka mtambo unapokirusha kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Zamani huko Ulaya na Marekani waliokuwa wakirushwa ni njiwa hai, waliofungiwa ndani ya visanduku na kufunguliwa ghafla. Ndiyo maana hadi leo Waingereza hukiita kisahani hicho njiwa wa udongo, ingawa hakina udongo wala manyoya.

Mchezo wa trapu uliingia katika Olimpiki mwaka 1900 mjini Paris, na skiti ikafuata mwaka 1968 nchini Mexico. Katika trapu mlengaji husimama mita 15 nyuma ya mitambo iliyofichwa shimoni, na kisahani hukimbia kikienda mbali naye. Huruhusiwa risasi mbili kwa kila kisahani. Katika skiti visahani hutoka katika vijumba viwili na kupita mbele ya mlengaji kwa karibu, naye ana risasi moja tu kwa kila kimoja. Tofauti hii ndiyo msingi wa habari yote ya choki.

Wasomaji walio na jamaa Ghuba watakumbuka jinsi mchezo huu ulivyozipatia nchi za huko heshima. Mwaka 2004 mjini Athens, Sheikh Ahmed bin Hasher Al Maktoum alitwaa dhahabu ya trapu maradufu, ikawa medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Falme za Kiarabu. Fehaid Al-Deehani wa Kuwait alipata shaba mwaka 2000 na tena mwaka 2012, kisha akatwaa dhahabu mwaka 2016 akishindana bila bendera ya nchi yake, kwa kuwa Kuwait ilikuwa imesimamishwa. Mwenzake Abdullah Al-Rashidi alipata shaba ya skiti mwaka 2016, akairudia katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 57. Naye Nasser Al-Attiyah wa Qatar, yule yule bingwa wa mbio za magari za Dakar, ana shaba ya skiti ya mwaka 2012. Kwa ufupi, huu si mchezo wa vijana wenye misuli. Ni mchezo wa jicho, wa subira na wa kukijua chombo chako.

Kwetu Kenya, uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977. Marufuku hiyo iliwagusa hata Waaweer wa Boni, ambao silaha yao ilikuwa upinde na ambao hawakuwa wakiwinda kwa starehe, bali kwa ajili ya chungu. Hiyo ni habari ndefu yenye uchungu wake. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba mtu anayependa kulenga kitu kinachoruka, visahani ndiyo njia yake isiyo na lawama.

Sasa tuingie katika mtutu.

Bunduki inayotumika zaidi katika mchezo huu ni ya geji 12. Jina hilo ni la hesabu ya kale: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawanye katika tufe 12 zilizo sawa, na upana wa kila tufe utakuwa ndio upana wa mtutu, yaani milimita 18.5 hivi. Kwa hiyo geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12, jambo linalowachanganya wengi kwa sababu namba ni kubwa zaidi. Tutarudi kwenye namba hizo, kwa kuwa zimewahi kukata vidole vya watu.

Ndani ya risasi moja ya geji 12 ya mchezo wa Olimpiki mna gramu 24 za marisau. Yakiwa na upana wa milimita 2.4 kila moja, huwa ni punje 300 hivi. Punje hizo hutoka mtutuni zikiwa zimefungamana, kisha huanza kutawanyika. Mtu wa Lamu hahitaji darasa refu kulielewa jambo hili, maana amewaona wavuvi wa kimia. Kimia kikirushwa na kuangukia karibu mno, hakijafunguka. Samaki hucheka pembeni. Tofauti ni kwamba kimia cha marisau kadiri kinavyofunguka ndivyo matundu yake yanavyoongezeka ukubwa. Kikifunguka mno, kisahani hupenya katikati bila kuguswa.

Choki ni mkono unaoamua kimia hicho kifunguke mapema au kichelewe. Ni mbano mdogo sana katika sentimita chache za mwisho za mtutu. Mtutu usiobanwa kabisa huitwa silinda. Robo choki imebanwa kwa takriban robo ya milimita, nusu choki kwa nusu milimita, na choki kamili kwa milimita moja hivi. Tofauti ya unene wa kucha, lakini matokeo yake angani ni makubwa.

Wazo lenyewe ni la karne ya 19. Pape, fundi wa Newcastle nchini Uingereza, alipewa hataza yake mwaka 1866, na W. W. Greener wa Birmingham akaliboresha katika miaka ya 1870. Wamarekani nao humtaja Fred Kimble. Ugomvi wa nani alitangulia haujesha, na hautamsaidia mtu kuvunja kisahani.

Kipimo kinachokubalika ni hiki: weka karatasi kubwa umbali wa mita 36.5, piga risasi moja, kisha chora duara la upana wa sentimita 76 mahali marisau yalipokusanyika zaidi, uhesabu matundu. Silinda huingiza asilimia 40 hivi ya punje zake ndani ya duara hilo, robo choki 50, nusu choki 60, na choki kamili 70. Kwa risasi yetu ya punje 300, nusu choki itaingiza takriban 180 na silinda 120. Zilizobaki zimetawanyika pembezoni.

Lakini kisahani cha skiti hakipigwi kwenye mita 36. Hupigwa karibu zaidi, mara nyingi kwenye mita 20 au pungufu. Katika umbali wa mita 18, silinda hutandaza marisau kwa upana wa sentimita 80 hivi, na choki kamili kwa sentimita 40 tu. Upana wa sentimita 80 ni takriban mara nne eneo la ule wa 40. Kwa maneno mengine, mwenye choki kamili katika skiti anajinyima robo tatu za kimia chake bila sababu.

Hili ndilo kosa la wanaoanza, na nadhani linatokana na kiburi zaidi kuliko ujinga. Neno "kamili" lasikika kama sifa. Mtu hununua bunduki, huona kuna choki kamili, hudhani iliyo pungufu ni ya watoto. Kisha hukosa visahani 20 kati ya 25 na kuulaumu upepo. Mwalimu mzuri humvua choki hiyo siku ya kwanza.

Kwa skiti, basi, chagua silinda au ile choki nyembamba iliyotengenezwa mahsusi kwa mchezo huo. Kwa trapu mambo hugeuka: kisahani kinakukimbia, na risasi ya kwanza hukifikia kikiwa tayari kimekwenda mita 30 au zaidi. Hapo robo tatu choki kwa mtutu wa kwanza na choki kamili kwa mtutu wa pili ndiyo desturi, maana risasi ya pili siku zote huenda mbali zaidi ya ile ya kwanza. Kwa ule mchezo wa kuigiza mawindo, ambamo visahani huja kwa kila namna, robo na nusu hutosha kwa karibu kila kitu. Wapo mabingwa wanaobadilisha choki kila kituo, na wapo wasiozigusa mwaka mzima. Mimi naona kundi la pili hulala vizuri zaidi.

Upepo, tukiutaja, hauna haja ya kusingiziwa. Una makosa yake ya kweli. Ukivuma ukikukabili usoni, hukiinua kisahani juu kuliko ulivyotarajia. Ukitoka mgongoni hukikandamiza chini. Mtu aliyezoea kulenga wakati wa matulai, bahari ikiwa shwari kama kioo, ataona mambo mengine kabisa kusi ikishika. Dawa yake ni kubadilisha mahali unapolenga. Kubadilisha choki hakusaidii.

Bunduki za zamani zilitengenezwa na choki ndani ya mtutu wenyewe, na hazibadilishwi ila kwa fundi. Za kisasa nyingi zina choki za kuparafuja, vijibomba vya chuma vinavyoingizwa mdomoni kwa ufunguo wake. Viwanda vingi huweka alama za mikato kwenye ukingo: mkato mmoja ni choki kamili, na kadiri mikato inavyoongezeka ndivyo mbano unavyopungua. Hata hivyo usitegemee desturi. Soma kijitabu cha bunduki yako, maana choki ya kiwanda kimoja haiingii katika mtutu wa kiwanda kingine hata kama macho yanaona zinafanana.

Kubadilisha choki ni kazi ya dakika mbili, lakini ina utaratibu wake. Fungua bunduki kwanza, tazama chemba zote mbili kwa macho yako, usimwamini aliyekwambia ni tupu. Toa choki iliyomo. Pangusa nyuzi za parafujo kwa kitambaa, paka grisi kidogo, ingiza nyingine kwa vidole, kisha ikaze kwa ufunguo bila kutumia nguvu za kufungia boliti za trekta. Isimame sawa na mdomo au jinsi kiwanda kilivyoagiza. Baada ya kila risasi 20 au 25 ikague tena, huku bunduki ikiwa tupu, kwa kuwa mtikisiko huilegeza.

Usipige kamwe bila choki kwenye mtutu ulioundwa kwa ajili yake. Nyuzi zikibaki wazi hupondwa na marisau, na mtutu umekwisha. Choki iliyolegea nayo ni hatari kama hiyo: marisau hukuta ukingo ulioinuka, na huweza kuing'oa choki pamoja na kipande cha mdomo.

Hapa visiwani kuna adui wa ziada ambaye vijitabu vya Ulaya humtaja kwa sentensi moja tu. Ni chumvi. Bunduki iliyovushwa kwa mashua kutoka Mokowe hata ikiwa ndani ya mfuko wake hupata unyevu wa bahari, na choki iliyoachwa mahali pake mwezi mzima bila grisi hushikana na mtutu kwa kutu hadi ufunguo uvunjike. Kila ukitoka safarini, itoe, ipanguse, ipake mafuta. Kadhalika mchanga. Bunduki iliyoegeshwa mdomo chini kwenye ufuo wa Shela hata kwa sekunde moja lazima ifunguliwe na kuchunguliwa dhidi ya mwanga kabla ya kutiwa risasi. Kizibo kidogo cha mchanga wenye maji kinatosha kuupasua mtutu.

Na hapa ndipo zile namba zinaporudi. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwa bahati mbaya katika bunduki ya geji 12, haidondoki upande wa pili. Huteleza na kukwama ndani ya mtutu, mbele ya chemba. Mtu akifyatua, haisikiki kitu. Hudhani amesahau kuijaza, hutia risasi ya geji 12 nyuma yake, hufyatua tena. Mtutu hupasuka mahali mkono wa kushoto uliposhika. Ndiyo sababu viwanda vilikubaliana kuzipaka risasi za geji 20 rangi ya manjano. Ukiona risasi ya manjano katika mfuko wenye risasi za geji 12, mwaga mfuko wote mezani uanze kupanga upya.

Jambo moja zaidi kuhusu marisau yenyewe. Nchi nyingi sasa zinaachana na madini ya risasi kwa sababu ya sumu yake na kuingia katika marisau ya chuma. Chuma hakibonyei kama risasi. Kikilazimishwa kupita katika mbano mkali huweza kuuvimbisha mtutu. Kanuni ya kawaida ni kutozidi nusu choki, ila choki yenyewe iwe imeandikwa kwamba yafaa kwa chuma; na bunduki ya babu isipigwe chuma kabisa hadi fundi aikague.

Sasa twende kwenye sefti, na kwenye msumari wa mjomba.

Watu wengi hudhani sefti ikifungwa bunduki imelala. Haijalala, imefumba macho tu. Katika bunduki nyingi za mitutu miwili, sefti ni kidude cha kusukuma kwa dole gumba juu ya shingo ya kitako, na kazi yake ni moja: kukizuia kifyatulio kisisogee. Nyundo zilizo ndani zingali zimevutwa, zimeshikwa na ncha ndogo ya chuma inayoingia katika mkato mdogo. Bunduki ikianguka kwa kishindo, au mkato ule ukiwa umelika, nyundo huweza kuchomoka na kugonga risasi bila kifyatulio kuguswa kabisa. Sefti ilikuwa imefungwa, na bunduki imelia. Hivyo ndivyo mjomba alivyoweza kusema kweli na kuonekana mwongo.

Bunduki zilizotengenezwa kwa gharama zaidi huwa na kishikizo cha pili ambacho huidaka nyundo ikichomoka. Bunduki nyingi za bei nafuu hazina. Si jambo unaloweza kulijua kwa kuitazama nje. Fundi ndiye atakayekwambia.

Zipo sefti za namna mbili. Ya kwanza hujifunga yenyewe kila unapoivunja bunduki kutia risasi. Hii hupendwa katika bunduki za porini, na nionavyo mimi ndiyo ifaayo kwa mtu anayetembea na silaha. Ya pili hukaa pale ulipoiacha, imefungwa au imefunguliwa. Walenga visahani karibu wote hupendelea hii ya pili, na sababu yao ina mantiki: mtu amesimama kituoni, ameita kisahani, amevuta kifyatulio, na hakuna kilichotokea kwa sababu sefti ilijifunga yenyewe alipotia risasi. Kisahani kimehesabiwa kuwa amekikosa. Zipo hata bunduki za trapu zisizo na sefti kabisa.

Msomaji atauliza, je, si hatari? Jibu liko katika utaratibu wa uwanja. Bunduki ya visahani haitiwi risasi mpaka mlengaji awe kituoni mwake na mdomo umeelekea uwanjani. Wakati mwingine wote huwa imevunjwa, yaani imefunguliwa katikati, na kila mtu aliye karibu anaona chemba tupu. Uwazi huo ndio sefti ya kweli. Ni chuma kinachoonekana kwa macho ya wote, si kidude kinachohitaji kuaminiwa. Katika viwanja vinavyojiheshimu, anayetembea na bunduki iliyofungwa hufukuzwa siku hiyo hiyo, awe bingwa au mgeni.

Mtu akitaka kuibadilisha sefti ya kujifunga iwe ya mkono, au kinyume chake, katika bunduki nyingi ni kazi ya kutoa au kurekebisha kijiti kimoja ndani ya mtambo. Ni ndogo, lakini si ya mezani nyumbani na bisibisi ya redio. Mpelekee fundi au muuza silaha aliyesajiliwa. Kadhalika uzito wa kifyatulio. Kwa kawaida huhitaji mvuto wa kilo moja na nusu hadi mbili hivi. Wapo wanaotaka uwe mwepesi zaidi wakidhani watapiga upesi zaidi. Uzito huo hupunguzwa kwa kuupunguza mshiko wa ile ncha ndogo niliyoieleza, ile inayoishikilia nyundo, na aliyenifuata hadi hapa anaona mwisho wake.

Katika bunduki yenye kifyatulio kimoja kwa mitutu miwili, sefti mara nyingi huwa na kazi ya pili: ikisukumwa kushoto au kulia huchagua mtutu upi utangulie. Hapo ndipo choki na sefti hukutana. Mlenga trapu aliyetia robo tatu choki chini na choki kamili juu, kisha kidole kikaisogeza sefti upande bila yeye kujua, atapiga risasi ya kwanza kwa choki ya pili. Itazame kabla ya kuita kisahani. Iangalie pia isije ikakwama katikati, ambapo bunduki nyingine hukataa kulia kabisa. Chembe ya mchanga ndani ya reli yake yatosha.

Kuikagua sefti nyumbani kunawezekana bila kufungua parafujo hata moja. Hakikisha chemba ni tupu, mara mbili, na risasi zote ziko chumba kingine. Tia risasi bandia, zile za plastiki zisizo na baruti, elekeza mdomo pasipo na mtu. Funga sefti, vuta kifyatulio kwa nguvu ya kawaida: kisisikike kitu. Achia kifyatulio, kisha fungua sefti bila kukigusa. Ukisikia mlio wa nyundo hapo, bunduki hiyo ni mgonjwa. Iweke kando mpaka fundi aione. Sefti iwe na mshiko unaosikika kwa kidole, si kuteleza kama sabuni.

Kisheria, Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuwa na bunduki wala risasi bila cheti, na mwenye cheti anatakiwa aihifadhi mahali salama. Msumari nyuma ya mlango si mahali salama. Kabati la chuma lililopigwa boliti ukutani, risasi zikiwa katika kufuli nyingine, ndilo jibu la kawaida. Anayesafiri kwa ndege kutoka Manda aitangaze mapema, ikiwa tupu na imefungiwa. Na anayefikiria kuufupisha mtutu ili iingie kabatini, ajue kwamba pamoja na makosa mengine atakuwa ameikata choki yote, maana choki hukaa mwishoni. Kitakachobaki ni silinda mbovu isiyofaa kwa mchezo wowote.

Kuna wanaouliza kwa nini visahani visirushwe tu ufuoni, marisau yakaangukia baharini. Marisau ya milimita 2.4 huweza kufika karibu mita 200, na viwanja huacha eneo tupu la takriban mita 275 mbele ya walengaji. Ni wapi katika mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda utapata mita hizo bila mashua, mvuvi, au mtoto anayeogelea? Na madini ya risasi hayaozi. Ndege wa pwani humeza punje wakidhani ni changarawe za kusagia chakula tumboni, nao hufa kwa sumu. Mikoko ndiyo malezi ya kaa na kamba tunaowala. Mwenye hamu ya mchezo huu asafiri hadi kwenye uwanja uliotengwa na kusimamiwa, hata kama ni safari ya siku nzima.

Mjomba naye alisafiri. Baada ya usiku ule alichukua barua ya polisi, akaipeleka bunduki yake Mombasa kwa fundi. Fundi aliivunja, akamwita aje atazame kwa kioo cha kukuzia: ule mkato wa kushikia nyundo ulikuwa umeliwa na kutu hadi ukawa mviringo kama ukingo wa kikombe, na mtutu wa kulia ulikuwa na uvimbe usioonekana kwa macho, labda wa mchanga wa zamani. Alimwambia haifai kutengenezwa. Mjomba aliisalimisha kituoni pamoja na cheti chake, akapewa risiti. Msumari ungali nyuma ya mlango ule. Mkaza mjomba huutundikia kanga.